Goti la Mbeba Mizigo: Upasuaji, Kupona na Suala la Kurudi Kazini

Watu wanaoishi kwa nguvu za miili yao, wakiwemo makuli wa bandarini, wachukuzi wa masokoni, saidia fundi, mafundi marumaru, wakulima wa jembe la mkono na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaojulikana kwa jina la wagumu, hufika miaka ya hamsini wakiwa na magoti yaliyokwisha kufanya kazi ambayo magoti ya watu wa ofisini hayataifanya hata wakiishi miaka tisini. Upasuaji wa kubadilisha goti, ambao leo ni miongoni mwa tiba zinazosifiwa sana katika fani ya mifupa, ulikuzwa na kupimwa zaidi kwa wazee wa nchi tajiri, ambao wengi wao walikuwa wamestaafu na walichohitaji ni kutembea hadi dukani, kupanda ngazi na kulala usiku bila maumivu. Mchukuzi wa miaka 48 ambaye watoto wake wangali shuleni ana mahitaji mengine kabisa, na ndiyo maana uchambuzi wa suala hili hauwezi kuanzia kwenye chumba cha upasuaji. Kwa mtu wa namna hii, uamuzi wa kupasuliwa ni uamuzi kuhusu riziki kabla haujawa uamuzi kuhusu mfupa.

Goti ni kiungo kinachokutanisha mifupa mitatu: fupa la paja kwa juu, muundi kwa chini, na kilegesambwa, yaani kile kifupa kinachochezacheza mbele ya goti mguu unaponyooshwa na kulegezwa. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tishu nyororo inayoifanya iteleze bila kusuguana, na katikati yake kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo wataalamu huviita menisko, vinavyotawanya uzito ili usielemee sehemu moja. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka ndani yake kila goti linapokunjwa na kukunjuliwa, na kwa hiyo uwezo wake wa kujitengeneza likijeruhiwa ni mdogo sana. Linapolika, mfupa ulio chini yake hukomaa na kuwa mgumu, vijipembe vya mfupa huota pembezoni, utando wa kiungo huvimba na kutoa maji, na mguu huanza kupinda, mara nyingi kwa umbo la matege, kwa sababu upande wa ndani wa goti ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Ugonjwa huu wa kuchakaa kwa kiungo huitwa osteoathritisi, na ni muhimu kuutenga na magonjwa mengine ambayo mitaani yote hutiwa katika kapu la baridi yabisi: rumatoidi, ambayo ni kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake, na jongo, inayotokana na asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo. Tiba za magonjwa haya hazifanani, na mtu aliyetibiwa jongo kwa miaka mitano ilhali gegedu lake ndilo linaloisha amepoteza miaka mitano.

Namna kazi inavyoliharibu goti inaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Vipimo vilivyowekwa ndani ya magoti bandia vimeonyesha kwamba mtu anapotembea mahali tambarare goti hubanwa na nguvu inayokaribia mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake, na anaposhuka ngazi nguvu hiyo hufikia mara tatu na nusu hivi. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 aliyejitwika mfuko wa saruji wa kilo 50, akishuka ngazi za jengo ambalo halijaisha, huliwekea goti moja mzigo unaopita kilo 400 katika kila hatua. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kushuka Kilimanjaro huumiza magoti kuliko kuupanda, ingawa wagumu wamewekewa kikomo cha mzigo wa kilo 20. Inaeleza pia jambo lisilosemwa sana kuhusu lumbesa, lile gunia linaloshonewa wavu juu ili liingie ndoo mbili tatu zaidi: mjadala wake hadharani huwa juu ya mkulima anayepunjwa, na ni mjadala wa haki, lakini mchukuzi hulipwa kwa gunia na si kwa kilo, hivyo ziada anayoibiwa mkulima hupita bure juu ya magoti ya mchukuzi kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kenya ilipoweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi ilimlinda mkulima kwa makusudi na mchukuzi kwa bahati. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mzigo wa mwanamume mzima usizidi, na yeyote anayefahamu soko la jumla la mazao anajua jinsi kiwango hicho kilivyo mbali na hali halisi.

Kubeba si njia pekee. Kupiga magoti na kuchuchumaa kwa muda mrefu, kama afanyavyo fundi marumaru anayesogea kwa magoti kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, hubana menisko na sehemu ya nyuma ya kilegesambwa hata pale ambapo hakuna mzigo unaonyanyuliwa. Utafiti wa Framingham nchini Marekani, uliofuatilia wakazi wa mji huo kwa miongo mingi, ulionyesha katika ripoti ya 1991 kwamba wanaume ambao kazi zao ziliunganisha kukunja magoti na kutumia nguvu walipata osteoathritisi ya goti kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi mwaka 2009 ilipouingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kazini, kwa sharti kwamba mfanyakazi awe amepiga magoti au kuchuchumaa kwa jumla ya saa 13,000 katika maisha yake ya kazi, kwa uchache saa moja kwa zamu. Fundi anayepiga magoti saa nne kwa siku, siku 300 kwa mwaka, huzifikisha saa hizo kabla ya mwaka wake wa kumi na moja kwisha. Uingereza nayo, mwaka huohuo, iliwatambua wachimba makaa ya mawe waliofanya kazi chini ya ardhi kwa miaka kumi au zaidi.

Katika Afrika Mashariki msingi wa kisheria upo. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, na Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Ugumu uko kwenye uthibitisho: goti haliharibiki siku moja mbele ya mashahidi, bali huharibika kwa miaka ishirini chini ya waajiri thelathini, na kibarua anayelipwa jioni kwa jioni hana karatasi inayoonyesha kwamba alikuwapo. Mfumo wa fidia uliojengwa juu ya mkataba wa ajira na michango ya mwajiri humkosa mtu ambaye ugonjwa wenyewe humpata zaidi.

Mgonjwa anapofika hospitali, jambo la kwanza ni kujua maumivu yanatoka wapi. Picha ya eksirei ya goti hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala uwazi kati ya mifupa huonekana mkubwa kuliko ulivyo uzito unapoingia. Picha ya kulala, ambayo bado hupigwa mahali pengi, inaweza kumdanganya daktari na mgonjwa kwa pamoja. Hata hivyo picha peke yake haitoshi kuamulia. Wapo watu ambao eksirei zao zinatisha na bado wanalima, na wapo ambao gegedu lao limelika kidogo tu lakini hawalali. Daktari makini huuliza mgonjwa hutembea umbali gani kabla ya kulazimika kusimama, kama huamshwa usiku na maumivu, kama goti hukwama au huachia ghafla, na huikagua nyonga pia, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga mara nyingi husikika gotini.

Tiba isiyo ya kisu inastahili heshima kuliko inayopewa. Mazoezi ya kuimarisha msuli mkubwa wa mbele ya paja, unaolinyoosha goti na kulizuia lisiyumbe, hupunguza maumivu kwa wagonjwa wengi, na kwa mtu mnene kila kilo moja anayoipunguza huliondolea goti takriban kilo nne katika kila hatua. Kwa mchukuzi mwembamba, bila shaka, uzito wa kupunguza uko kichwani na si kiunoni. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa wagonjwa 100, wote wakistahili goti bandia, katika makundi mawili: moja lilipasuliwa kisha likapewa mazoezi na ushauri, na la pili likapewa mazoezi na ushauri pekee. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na nafuu karibu maradufu ya wenzao, lakini walipata pia madhara makubwa mengi zaidi. Na katika kundi la pili, ni robo hivi tu waliokuwa wameamua kupasuliwa. Matokeo hayo yanasomeka kwa njia mbili, na zote ni sahihi: upasuaji una nguvu kuliko mazoezi, na mazoezi yanawatosha watu wengi kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani.

Kinachotumika zaidi mitaani si mazoezi bali vidonge. Diklofenaki na jamii yake hupunguza maumivu kweli, ila zikimezwa kila siku huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kudhuru figo, na mtu anayezimeza asubuhi ili aweze kubeba hadi jioni huliondolea goti sauti yake ya kulalamika bila kulipunguzia mzigo. Baadhi ya unga na vidonge vinavyouzwa kama dawa za asili za viungo vimewahi kukutwa vimechanganywa na steroidi, jambo linaloeleza nafuu ya ghafla ambayo wauzaji huitangaza. Sindano ya steroidi inayochomwa ndani ya goti hospitalini ina nafasi yake, hasa goti linapovimba, lakini si tiba ya kurudiarudia: utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, uliowachoma wagonjwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ulikuta kwamba gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakutofautiana.

Kati ya njia za upasuaji, moja inaweza kuondolewa mezani mapema. Athroskopia, yaani kuingiza kamera nyembamba ndani ya goti kupitia matundu madogo ili kuliosha na kukwangua yaliyochakaa, ilifanywa kwa mamilioni ya watu kabla ya watafiti wa Houston, Marekani, kuchapisha mwaka 2002 matokeo ya jaribio la wagonjwa 180, ambao baadhi yao walichanjwa ngozi tu bila kutendewa lolote ndani. Katika miaka miwili ya kufuatiliwa, waliosafishwa goti hawakuwapita waliochanjwa ngozi, na mwaka 2017 jopo la kimataifa lililoandika katika jarida la BMJ likapendekeza kwa nguvu kwamba upasuaji huo usifanywe kwa goti lililochakaa. Bado una kazi kwa kijana aliyechanika menisko uwanjani au kwa goti lenye usaha. Mzee wa kazi nzito anayeshauriwa “kusafishwa goti” ana haki ya kuuliza kusafishwa huko kutamsaidia nini.

Njia inayomfaa zaidi mbeba mizigo ambaye hajafika miaka 55, na ambayo husikika kidogo kuliko inavyostahili, ni ile ya kuunyoosha mguu badala ya kubadilisha kiungo. Wataalamu huiita osteotomia: muundi hukatwa kidogo chini ya goti, hufunguliwa kama kabari hadi uzito uhame kutoka upande wa ndani uliochakaa kwenda upande wa nje ulio salama, kisha hufungwa kwa bamba na skrubu mpaka mfupa uunge. Sharti lake ni kwamba uharibifu uwe wa upande mmoja na goti liwe bado linakunjuka vizuri. Kuunga huchukua miezi, na hakuna ahadi ya goti jipya. Lakini mgonjwa hubaki na kiungo chake mwenyewe, ambacho hakina plastiki ya kulika, anaweza kurudi kwenye kazi ya nguvu, na wengi hukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kuhitaji goti bandia. Kwa mgonjwa mwenye matege, miaka 45 na familia, hili ndilo chaguo la kwanza kujadiliwa, na kulipita kimya ni kosa. Kubadilisha nusu ya goti, yaani upande mmoja tu ulioharibika, huleta nafuu ya haraka kuliko kubadilisha lote, ila hurudiwa mara nyingi zaidi.

Kubadilisha goti zima kuna historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Themistocles Gluck alipandikiza goti la pembe ya ndovu mjini Berlin mwaka 1890, kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha viungo, na maambukizi yakaishinda kazi yake. Goti linalotumika leo linatokana na kazi za miaka ya 1960 na 1970, hasa za Frank Gunston katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, na John Insall mjini New York. Jina lake linawatisha wagonjwa bila sababu, kwa kuwa goti halikatwi likatupwa: daktari hupunguza milimita tisa au kumi hivi za uso wa mfupa kila upande, huvisha ncha ya fupa la paja kifuniko cha mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, huweka bamba la chuma, mara nyingi titani, juu ya muundi, na kati yake huingiza kipande cha plastiki ngumu ya polyethilini ambacho huchukua nafasi ya gegedu. Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho.

Plastiki hiyo ndiyo kiini cha suala la umri na kazi. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba magoti bandia 82 katika 100 hudumu miaka 25, takwimu ambayo mawakala wa hospitali za nje hupenda kuinukuu. Takwimu isiyonukuliwa ni ya mwaka 2017, katika jarida hilohilo, kutokana na kumbukumbu za Uingereza: aliyewekewa goti akiwa na miaka zaidi ya 70 ana uwezekano wa asilimia tano hivi wa kurudiwa upasuaji maishani, ilhali mwanamume aliyewekewa akiwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini ana uwezekano unaofikia asilimia 35. Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza, mfupa uliobaki huwa haba, vifaa vyake ni ghali zaidi, na matokeo yake huwa duni. Nambari hizo zilipatikana kwa watu ambao wengi wao hawabebi magunia.

Huduma yenyewe ipo katika kanda. Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Kenya ina hospitali za Kijabe na Kikuyu zenye uzoefu wa muda mrefu wa upasuaji wa mifupa, mbali na hospitali binafsi za miji mikubwa. Kikwazo ni gharama ya kifaa, ambacho huagizwa kutoka nje, na namna bima inavyokishughulikia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Katika nchi zote mbili mgonjwa anapaswa kupata kwa maandishi, kabla ya tarehe kupangwa, kama bima yake inalipia kifaa chenyewe au kitanda na daktari tu, na kama inalipia mazoezi ya baadaye. Wenye uwezo, au wenye ndugu waliochanga, husafiri hadi India, ambako kazi hufanywa vizuri na haraka. Lakini goti linapopata usaha miezi minane baadaye, aliyelipasua yuko ng’ambo ya bahari, na daktari wa hapa hupokea mgonjwa asiyejua hata aina ya kifaa alichowekewa. Kadi ya kifaa na nakala ya taarifa ya upasuaji ni vitu vya kurudi navyo kama pasipoti.

Basi ni wakati gani wa kukubali? Hali inayohalalisha goti bandia ni maumivu yanayomnyima mtu usingizi na mwendo, eksirei inayoonyesha gegedu limekwisha, na miezi kadhaa ya mazoezi na dawa iliyofuatwa kwa dhati bila mafanikio. Kuharakisha kuna hatari zilizokwisha kuelezwa. Kuchelewa nako kuna gharama yake, na katika mazingira ya Afrika Mashariki kuchelewa ndilo kosa la kawaida zaidi: mgonjwa hufika goti likiwa limeganda kwa kukunjika, msuli umenywea na mguu umepinda sana, na kwa kuwa kipimo bora cha namna goti litakavyokunjika baada ya upasuaji ni namna lilivyokuwa likikunjika kabla yake, aliyengoja hadi asiweze kukaa kitini hawezi kutarajia kuchuchumaa.

Maandalizi ni sehemu ya tiba. Maambukizi huwapata wagonjwa wachache, asilimia moja hadi mbili, lakini yakiingia ndani ya goti bandia huweza kudai litolewe, na milango yake mara nyingi ni midogo: jino bovu, mpasuko wa kisigino, fangasi kati ya vidole vya mkulima anayevaa mabuti ya mpira kutwa. Sukari isiyodhibitiwa, upungufu wa damu na sigara huchelewesha kidonda kupona na hushughulikiwa kwanza. Kuishi na virusi vya UKIMWI si kizuizi kwa mtu ambaye dawa zimevifubaza virusi na afya yake ni imara.

Kupona huanza siku ileile au kesho yake, mgonjwa anaposimamishwa na kutembezwa hatua chache kwa fremu. Familia nyingi hudhani kwamba kumwuguza ni kumpumzisha, na kwa upendo huo humletea chakula kitandani, humwekea mto chini ya goti na kumzuia kuinuka. Mto huo ni adui wa kweli, kwa sababu goti lililozoea kukunjika katika wiki za mwanzo hukataa kunyooka baadaye na huacha kilema cha kuchechemea. Mto huwekwa chini ya kisigino ili goti lishuke lenyewe na kunyooka. Kwa kulikunja, kanga iliyokunjwa kwa urefu hupitishwa chini ya unyayo, mgonjwa akakamata ncha zake mbili na kukiburuta kisigino polepole kuelekea makalio, akahesabu hadi kumi, akalegeza, kisha akarudia mara kadhaa kwa siku, akiwa amekunywa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Huumiza, tena sana. Lengo la kawaida ni kukunja hadi nyuzi 90 katika wiki za mwanzo na kukaribia 110 au 120 kufikia mwezi wa tatu: 90 hutosha kukaa na kupanda ngazi nyingi, na kuinuka kutoka kiti kifupi huhitaji zaidi. Msuli wa paja hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake katika mwezi wa kwanza, na hakuna kidonge kinachozirudisha. Uvimbe na joto huweza kuendelea kwa miezi, na nafuu huongezeka hadi kufika mwaka.

Hatari ya wiki hizo ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, ambayo dawa za kuzuia kuganda na kutembea mapema huipunguza. Shavu la mguu linalovimba na kuuma, pumzi inayokata ghafla, kidonda kinachotoa maji au homa ni mambo ya kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo.

Vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa kwa nyumba za Ulaya havitaji choo cha shimo, mkeka wala jiko la mafiga, na hapo ndipo mgonjwa wa kijijini huachwa peke yake. Kuchuchumaa kikamilifu hudai nyuzi zinazopita 130, kiasi ambacho magoti bandia mengi hayakifiki, hivyo kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo ni kifaa cha tiba sawa na magongo, na kinapaswa kuwa kimeshachongwa kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Mpishi wa jiko la chini huhitaji jiko liinuliwe. Kupiga magoti si haramu kitabibu, ila wengi huliona jambo lenye maumivu au ganzi na huliacha. Mwislamu huswali akiwa juu ya kiti, jambo ambalo sheria ya dini imemruhusu asiyeweza, na katika jamii ambazo wanawake husalimia kwa kupiga magoti, wakwe wanapaswa kuelezwa mapema ili heshima isije ikaliumiza goti la mama mtu mzima.

Inabaki ile hesabu ambayo hospitali huitaja kwa sauti ndogo: takriban mgonjwa mmoja katika watano hubaki na maumivu ya kudumu au haridhiki na matokeo. Wenye hatari kubwa zaidi ni waliopasuliwa gegedu lingali zuri kiasi, wenye maumivu mahali pengine mwilini, na waliotarajia goti la ujana.

Kuhusu kazi, wengi waliokuwa kazini kabla ya upasuaji hurudi, mara nyingi kati ya wiki ya nane na ya 12, lakini wastani huo hubebwa na watu wa mezani. Wa kazi nzito huchukua miezi mitatu hadi sita, na sehemu yao hawarudi kabisa. Madaktari wengi hushauri goti bandia lisitumike kwa kubeba mizigo mizito kila siku wala kwa kazi ya magotini. Maana yake kwa lugha ya soko ni kwamba mchukuzi anayepasuliwa huenda akapata mguu na kupoteza ajira, na kama hakuna mpango wowote, njaa itamrudisha kwenye gunia mwezi wa nne. Mipango inayowezekana ni ya kawaida: kuhesabu na kupanga mizigo badala ya kuibeba, kusimamia saidia fundi, kukata marumaru kwa mashine akiwa amesimama huku kijana akizibandika, kuhamia kwenye biashara ndogo ya kukalia. Inahitaji mtaji na makubaliano na wenzake wa kijiweni, na makubaliano hayo hupatikana kwa urahisi zaidi kabla ya upasuaji, mtu akiwa bado anachangia kazi, kuliko baada yake akiwa anaomba.

Sweden ilianza kuandika kila goti bandia katika rejesta ya taifa mwaka 1975, na Malawi ilianzisha rejesta yake ya viungo bandia mwaka 2005, ikionyesha kwamba jambo hilo halihitaji utajiri. Hospitali za Afrika Mashariki zinazopasua magoti zinapaswa kuandika hivyohivyo, na kuongeza safu moja ambayo rejesta za Ulaya haziipi uzito: mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na alirudi kufanya nini. Safu hiyo ikijazwa kwa miaka kumi, daktari ataweza kumwambia mchukuzi wa miaka 50 kwa takwimu za watu wa kazi yake goti lake litadumu muda gani, na mifuko ya fidia itakuwa na ushahidi ambao kibarua mmoja mmoja hawezi kuupeleka.